Mpira Uliomdunda Jenifer Begani

Jumapili ile kanisani Kyimo, karibu na Tukuyu, mchungaji aliwasimamisha wanawake wa timu ya kriketi wapigiwe makofi kwa kombe walilolitwaa Mbeya, kisha akamwita Mwalimu Ackson, mume wa nahodha, aseme neno la shukrani. Tusekile alijiweka sawa kwenye benchi. Alijua mumewe anapenda kuongea, ila hakujua ataongea nini.

"Tunamshukuru Mungu," Ackson alisema, "kwa bahati hii kubwa aliyowapa mama zetu."

Waumini wakaitikia amina. Tusekile hakuitikia. Jenifer, muuguzi mwenzake wa zahanati, alimkanyaga mguu chini ya benchi akanong'ona, "Bahati? Dada, huyo ni mumeo au ni msemaji wa timu ya Mbeya?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetegemea wangeshinda. Timu yenyewe ilikuwa ya wauguzi, walimu na mama wawili wanaochuma chai. Aliyeianzisha ni Mwalimu Yustina, aliyehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam na begi moja la nguo na jingine la magongo. Walikwenda kwenye mashindano Mbeya wakiwa wameazima hata viatu. Wakafika fainali, na kwenye fainali wenyeji wakabakiwa na mpira mmoja tu wa kupiga na mikimbio miwili, yaani pointi mbili, ya kuwapa kombe. Mpigaji wao akautwanga mpira juu kabisa. Jenifer akaukimbilia, ukamponyoka mikononi, ukamdunda begani, ukaruka nyuma, na Tusekile akaudaka kabla haujagusa nyasi. Mpigaji akatoka, mchezo ukaisha, kombe likapanda gari kwenda Tukuyu.

Video ya tukio lile ilizunguka kwenye simu za wilaya nzima. Ackson aliitazama mpaka akaikariri.

"Mama Gift, tusidanganyane," alimwambia jioni ya Jumapili ile wakila ndizi. "Mpira umetoka begani kwa Jenifer ukakufuata wewe. Ungeweza kwenda popote. Mimi nafundisha hesabu, najua ninachosema."

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi, Baba Gift?"

"Nyuma ya Jenifer."

"Kwa nini?"

Ackson akatafuna taratibu. "Si ndiyo bahati yenyewe?"

"Jenifer mikono yake imepakwa samli. Anaangusha mpira tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo yeye akikimbia mbele, mimi nakimbia nyuma yake. Tumefanya hivyo kwenye matope mpaka nikawa naota mgongo wake."

"Sawa. Lakini bega? Bega nalo mlilifanyia mazoezi?"

Swali hilo lilimuudhi Tusekile kuliko yote. Akakusanya sahani zote, hata ile ambayo mumewe alikuwa bado anaila.

"Jumamosi njoo uwanjani," alisema. "Nitakurushia mimi mwenyewe. Ukiupiga mpira wangu hata mmoja, nitasimama kanisani niseme ilikuwa bahati."

Habari ikasambaa. Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa shule, na bado watu walikuja na miavuli yao. Bibi Alinanuswe, ambaye shamba lake la migomba linapakana na uwanja, alileta kigoda chake kabisa. Ackson alikuja amevaa jezi ya timu yake ya mpira wa miguu. Alilishika gongo kama mtu anayetaka kuua nyoka.

Mpira wa kwanza ulimpita akabaki anauliza uko wapi. Wa pili uliangusha vijiti vitatu alivyopaswa kuvilinda nyuma yake. Wa tatu alizunguka nao mzima mzima akakaa chini kwenye matope.

"Mwalimu," Bibi Alinanuswe aliita, "mbona unapiga hewa? Hewa imekukosea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Tusekile naye alicheka, kisha akachukua mbio zake na kurusha mpira mzuri kuliko yote, wa kasi, ulionyooka. Alimwona mumewe akifumba macho yote mawili. Alimwona akizungusha gongo gizani humo. Pakalia *kwaa!* na mpira ukapaa juu ya vichwa vya watu, ukapotelea kwenye migomba ya Bibi.

Ackson alifumbua macho. Alitazama gongo, akatazama migomba, kisha akaanza kukimbia kuzunguka uwanja mikono juu.

"Mmeona kiwiko?" alipiga kelele. "Mmeona nilivyokunja kiwiko? Niliusoma tangu unatoka mkononi mwake!"

"Baba Gift," Tusekile alisema polepole, "hiyo ilikuwa nini?"

"Ufundi, mke wangu! Ufundi mtupu!"

Mwalimu Yustina akainama akishika mbavu kwa kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. Ackson aliendelea kutabasamu kwa muda kabla hajasikia mwenyewe alichokisema. Tabasamu likamshuka.

Tusekile angeweza kusema aliyoyaona. Neno moja tu kuhusu yale macho, na mumewe asingekanyaga kijiweni mwaka mzima. Lakini alikumbuka ule mpira wa Mbeya ulivyotua kiganjani, na jinsi yeye mwenyewe alivyoshtuka kuukuta pale. Alikuwa amekimbia mahali pake, ndiyo. Yaliyobaki bega la Jenifer ndilo linaloyajua.

"Kiwiko kilikuwa kizuri," alisema. "Kesho nitasimama kanisani, kama nilivyoahidi."

"Usisimame," Ackson alisema haraka. "Nitasimama mimi."

Na kweli alisimama. Alieleza kwa kirefu jinsi kriketi ilivyo mchezo wa akili, macho na mazoezi, na jinsi mama hawa walivyostahili kombe lao, mpaka mchungaji akamwomba akae. Wiki nzima iliyofuata aliwafundisha wanaume wa kijiweni kukunja kiwiko kwa kutumia mwavuli.

Jumamosi nyingine akarudi uwanjani bila kuitwa, safari hii na viatu vya maana. Tusekile akarusha, vijiti vikaruka. Akarusha tena, vikaruka tena.

"Leo vipi?" aliuliza.

Ackson alijifuta tope usoni. "Leo nimekuja kujifunza," alisema.

Tusekile akaweka mpira chini, akamwendea, akamsogeza mguu wa kushoto mbele kidogo kwa ncha ya kiatu chake.

"Anzia hapa," alisema. "Na macho, baba, uyaache wazi."