Mlango wa Bwana Hisani

Mwantumu Kihiyo, mwenye duka la steshenari pale Muheza, alilala mchana ule akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Miaka sita alikuwa akiwajazia watu fomu za mtandaoni kwa kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, alichokichagua mwenyewe, lakini kila kompyuta ilipojisasisha ilikiweka pembeni na kurudisha kile cha wenye mfumo, kimyakimya, bila haya. Amekibadilisha mara ngapi? Hajui tena. Asubuhi hiyo alibofya kiungo cha chuo ili amalizie maombi ya Salha, binti wa Mama Salha muuza vitumbua, kazi ya siku mbili. Kiungo kikafungukia kwenye kivinjari cha wenye mfumo, fomu tupu, na swali: aanze upya? Naye, kwa mazoea ya kubofya Sawa kila anapoulizwa, akabofya. Yote ya siku hizo mbili yakafutika, na vyeti pia, maana picha za vyeti vya wateja huzifuta kwenye kompyuta siku hiyohiyo ili siri zao zisizagae. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi jioni ileile. Mama Salha hakumlaumu, afadhali angemlaumu. Alijifunga kanga yake vizuri akaenda kijijini kufuata vyeti. Mwantumu akajaza upya mpaka vikabaki vyeti tu, akarudishia mlango, akalaza kichwa mezani, usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika mji ambao nyumba zote zina mlango wa namna moja, na pembeni yake anatembea msichana mwembamba aliyekaukwa na sauti. "Naitwa Hiari," akasema msichana. "Hapa kila nikitamka neno naulizwa mara tatu kama nina hakika. Nimejibu ninayo, ninayo, mpaka koo limekwisha." Mwantumu akauliza kama aliyeweka milango ile naye huulizwa. Hiari akacheka, cheko chungu kama shubiri. "Nani amuulize, dada? Muulizaji ndiye yeye."

Wakafika nyumbani kwa Mwantumu mwenyewe. Mlango wake wa mninga, aliomwagiza fundi kwa vipimo vyake, umeng'olewa na kutupwa uani, kuku wanaunyea. Ndani, katika kiti chake, amekaa bwana mnene mwenye tabasamu, anakunywa chai kwa kikombe chake. "Karibu!" bwana yule akamwambia mwenye nyumba. Makubwa haya! "Naitwa Hisani. Nimekuwekea mlango bora, mwepesi, wenye usalama."

"Nani kakutuma? Umeingiaje kwangu bila hodi?"

"Hodi ya nini, mama, na ukuta nimejenga mimi?"

"Mlango wangu niliuchagua!"

"Na chaguo lako tunaliheshimu sana," akasema Hisani, huku akigongelea msumari mwingine.

Hiari akamvuta kando. "Usibishane naye. Mwenye hisani ya namna hii hachoki, kwa sababu mikono inayouma si yake. Wewe ung'oe mlango, na kesho ung'oe tena. Lakini wa kumwogopa si huyu, dada. Mwogope anayekuja nyuma yako." Mwantumu akageuka, akamwona mwanamke wa makamo, mpole wa sura, kakumbatia mkeka. Huyo ndiye Uchovu. "Pole, mwaya," Uchovu akamwambia, akitandika. "Umehangaika sana. Kaa. Mlango si mlango tu?" Wallahi, siku nzima hakuna aliyemwambia neno tamu kama lile. Akakaa. Mara nje kukaitwa hodi. Hiari akamshika mkono, akipaza sauti yake iliyokauka: "Inuka, itika! Huyo ndiye uliyemtaka aingie!" Lakini Uchovu alikuwa amekwisha anza kumkanda mabega. Hodi ikaitwa ya pili, na ya tatu, kisha kukawa kimya.

Akazinduka. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika ishirini. Akaukimbilia mlango, akaufungua, na pale barazani alikuwa amekaa Mama Salha, bahasha mapajani, miguu imejaa vumbi.

"Umeamka, mwanangu? Nimefika tangu saa tisa. Nimepiga hodi tatu hukuitika, nikasema labda uko kwenye swala. Nikarudi nikakaa."

"Si ungeingia tu, mama! Mlango sijaufunga!"

"Nitaingiaje kwa mtu sijakaribishwa?"

Mwantumu akaelewa papo hapo alichoota, wala hakuhitaji mfasiri. Wasiomjali walikwisha ingia zamani wakakalia kiti chake, naye aliyemheshimu amekaa nje akingoja neno moja tu; na neno lenyewe lilimlalia mdomoni, kwa kuwa alikuwa amechoka kupigania la kwake.

Mama Salha alikuwa akiinuka polepole, anapangusa bahasha kwa ncha ya kanga. "Haya, tuviingize. Salha amefunga leo, anaomba dua tangu alfajiri."

"Karibu, mama," Mwantumu akasema, akampisha mlangoni, macho yake yakiikwepa saa ya ukutani iliyokwisha pita kumi.