Pumzi Katikati ya Mzigo

Saa tatu asubuhi fundi wa maabara alitoa kwenye friji kipande cha msuli chembamba kama njiti ya kiberiti. Ncha moja aliifunga kwa uzi kwenye mashine ya kupimia, ya pili kwenye chuma kilichofungwa darini, juu ya mashine hiyo. Kazi ya maabara hiyo ilikuwa kupima nguvu ya protini zinazoufanya msuli uvutike na kurudi, zikiwa bado ndani ya nyama yenyewe. Chupa kilimotoka ilibandikwa karatasi: mwanamume, miaka arobaini na moja, mchukuzi, mwili usio na ndugu.

Alikidondoshea maji ya kalsiamu, kipande kikajikaza. Mstari kwenye skrini ulipanda, ukasimama katikati kwa muda wa pumzi moja, ukapanda tena. Mstari wa msuli mwingine wowote hupanda moja kwa moja. Aliijua pumzi ile. Kwa miaka kumi na sita alimwona mumewe akinyanyua magunia, ndoo, hata kitanda chao siku ya kuhama, na kila mara alisita katikati ili mzigo ukae sawa.

Kisha kipande kikainyanyua mashine yenyewe, kilo ishirini, shibiri moja kutoka mezani, kikaitua bila kishindo.

Mwenzake wa meza ya pili alisogeza kalamu zake pembeni. "Afadhali ametua polepole," alisema. "Angeiangusha, mama, tungejaza fomu hadi Ijumaa."

"Ndiyo kawaida yake. Hajawahi kuvunja kitu cha mtu."

Mumewe alifia wodini miaka mitano nyuma. Siku tatu mke alikaa kwenye benchi la mochwari akiudai mwili, mwisho akaambiwa umeshazikwa na manispaa, akaonyeshwa tuta la udongo. Kila Jumapili aliomba pale peke yake, kisha akarudi chumbani kudurusu masomo ya jioni yaliyomfikisha kazini hapa. Aliyelala chini ya tuta ni nani, sasa hakujua. Alijua tu kwamba huyo naye alihitaji kuombewa.

Alimwendea profesa, mkuu wa maabara, akaomba apewe vipande vyote akavizike. Profesa, mtu mpole, aliutazama mstari kwa makini, akausifu, akashauri kesho waongeze uzito. Kuhusu maziko, faili lilisema marehemu hana ndugu.

"Mimi ni mke wake, Profesa."

"Nakuamini, mama. Ila faili lilishafungwa."

Akamsogezea fomu ambayo fundi huthibitisha kuwa sampuli imetoka kwenye mwili usio na ndugu. Asiyesaini huhamishiwa ghorofa ya chini kuosha chupa.

Fundi aliuliza vimebaki vipande vingapi. Profesa akasema hamsini na tisa.

Basi akaomba kalamu, asije akaviacha kwa mikono mingine. Aliandika jina lake lote, la kwake na la mumewe, kwa mwandiko wa kusomeka, na profesa akaligongea muhuri bila kulisoma.