Kilomita Sitini za Nakaloke

Masaba hakuwa na imani na hesabu, maana hesabu zote alizowahi kusikia zilitoka vinywani mwa wakubwa. Lakini asubuhi ile, katika karakana yake ya kuchomelea vyuma pale Walukuba, Jinja, alisimama mdomo wazi akimtazama Naigaga, fundi wa umeme wa mtaani, akiandika kwa chaki kwenye mlango wa bati.

"Mota yako ni kilowati saba, mzee. Moja inapotelea njiani. Moja inaliwa na lami. Tano zilizobaki zinapigana na upepo."

"Upepo gani? Hata majani hayatikisiki."

"Ukikimbia unautengeneza mwenyewe. Na una roho mbaya huo! Ukizidisha mwendo mara mbili, unakudai nguvu mara nane."

"Kama serikali," Masaba akasema.

Naigaga alicheka mpaka chaki ikakatika. Akapima upana na kimo cha uso wa gari, akazidisha, akagawanya, akapiga mstari: sitini na moja.

Masaba aliruka kama mtoto. Sitini na moja! Alikuwa amejenga gari la umeme la magurudumu matatu, la kubebea wagonjwa, na wakubwa wakamwambia haligusi barabara kuu mpaka lifikishe kilomita sitini kwa saa. Yeye alijua wameitafuta namba hiyo makusudi, wamkomoe. Walewale ambao gari lao la wagonjwa lilikwenda kubeba viti vya harusi siku mkewe, Nulu, alipozidiwa. Nulu alikata roho kwenye baraza la duka moja njiani, kati ya Nakaloke na Mbale, akilisubiri.

Gari likapandishwa lori mpaka Nakaloke, nyumbani kwao Masaba. Afande Aloysius wa barabarani alikuwa ameshasimama na tochi yake ya kupimia mwendo, na soko zima limehamia kando ya lami. Namwase, dada wa marehemu Nulu, ndiye aliyejitolea kuwa mgonjwa. Akaja na godoro, beseni, sufuria na jerikani.

"Namwase, unahama?"

"Nani amewahi kulazwa hospitali mikono mitupu, shemeji? Unataka nilale kwenye saruji?"

Masaba mwenyewe alilifunga godoro juu ya paa, na Naigaga akamshikia kamba.

Gari likaondoka kimya, likashika lami, watu wakipiga vigelegele. Masaba alikanyaga mpaka mwisho. Aliporudi, afande alikuwa anatikisa kichwa.

"Hamsini na sita, bwana."

"Baiskeli hiyo!" mtu akapiga kelele. "Mpeni kengele!"

"Tochi yako imefundishwa na wakubwa!" Masaba alifoka.

Naigaga hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amekodolea macho paa, mkono mdomoni. "Mzee, kosa ni langu. Nilipima uso wa gari. Godoro sikulipima. Upepo wote unalipiga kifuani."

"Basi litoeni," afande akasema. "Likimbie bila godoro, nikupe cheti, tukale."

"Silitoi! Gari linalofaulu likiwa tupu ni gari la wakubwa. Mgonjwa wangu anakwenda na godoro lake."

Naigaga akazunguka mbele mbio. Paa la dereva lilikuwa fupi, na nyuma yake chumba cha mgonjwa kimesimama wima kama ukuta. "Hapa! Tulilaze hapa, mzee, litelemke toka juu ya ukuta mpaka kwenye kioo. Upepo upande nalo taratibu, usigonge kitu!"

Masaba alishapanda juu kabla hajamaliza. Walililaza, wakalikaza kwa mipira ya tairi kuukuu, wakalivika turubai. Beseni, sufuria na jerikani vikaingia ndani kwa Namwase.

Safari hii gari lilikuwa na sauti nyingine, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Hamsini na tano. Hamsini na nane, na mshale bado unapanda! Masaba akajikuta anapiga kelele peke yake. Sitini. Sitini na mbili. Alimwona afande akiruka ruka kando ya barabara, kofia mkononi, akionyesha vidole ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Namwase alipiga ukuta kwa sufuria. "Shemeji! Umempita afande! Cheti!"

"Nimemwona. Atanifuata nacho."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Mbale. Shika beseni."

Sitini na nne. Mbele, kushoto, lile duka lenye baraza likatokea. Miaka yote, kila alipofika hapo, Masaba aligeuza uso. Leo alilitazama mlangoni mpaka lilipobaki nyuma, na hakuachia mwendo hata kidogo.