Mkono Ulioliza Kengele

“Usimshike, bibi! Tafadhali, usimshike!”

Fundi aliyeongoza mazoezi alipaza sauti, mikono juu kama anayezuia gari. Kiganja changu kilikuwa kimeshaukaribia mkono wa mzee wangu, maana hivyo ndivyo tulivyoishi: ukianza kutetemeka, naushika, unatulia. Mzee ameshapumzika kaburini, lakini sauti ile ya fundi bado naisikia.

Tulikwenda ukumbini kumtazama mjukuu wetu akifanya mazoezi ya dansi. Wachezaji walifungwa vidude vya kuhisi mwendo, vidogo kama viberiti, mikononi na miguuni. Akiinua mkono, spika zinalia. Akizunguka, rangi zinamwagika ukutani. Mzee alifurahi mpaka akasahau kuuficha mkono wake.

Fundi akauona.

“Babu, hebu jaribu na wewe.”

Mjukuu alimwambia taratibu, “Kaka, babu anaumwa.”

“Najua. Ndiyo maana.”

Niseme haki: alimfunga kwa upole, hata akamuuliza kama kinambana.

Ukuta ukajaa vidoa vyeupe, vikitetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. Spika zikamwaga kengele ndogondogo. Watu wakasogea na simu zao. “Babu katupiku!” mchezaji mmoja akacheka. Fundi naye: “Hata nikimfundisha mtu miaka kumi, hawezi hivi! Siku ya onyesho lazima awepo.”

Wakapiga makofi.

Asubuhi hiyo mkono uleule ulimmwagia chai kifuani, akanigeuzia mgongo nisimwone uso. Sasa walikuwa wanaulamba kwa macho. Kinyaa kilinipanda kooni, kama mtu aliyegundua nzi baada ya kumeza. Na mzee wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikanyoosha kiganja, fundi akapaza sauti ile; nikaushika.

Kengele zikakatika. Ukuta ukawa mweusi. Fundi akasonya.

Mjukuu akapiga magoti, akamfungua babu yake, kisha akavua na vyake, akavipanga kwenye kiti bila kuvitupa. Nafasi ile ya kucheza kwenye onyesho alikuwa ameihangaikia mwaka mzima.

“Ukitoka, usirudi,” fundi akamwambia.

“Haya, kaka. Babu, nyanyuka twende.”

Nje, mjukuu alipokwenda kutafuta teksi, mzee aliniinamia. “Ule muziki ulikuwaje? Mimi niliona haya, sikusikiliza.”

Nilitema mate kwanza, kando ya barabara, kukitoa kile kinyaa, ndipo nikamjibu.

“Ulikuwa mzuri.”