Laini Iliyolimwa

Mwaka wa 1996, shirika la simu lilipofunga mitambo mipya mjini Kakamega na kuanza kusambaza laini upande wa Lurambi, mtu wa kwanza kupiga shati lake pasi alikuwa mzee Shikanga. Aliomba simu mwaka wa 1985 akiwa bado mwalimu mkuu, na nakala ya barua yake, yenye mhuri wa bluu, ilikuwa imelala ndani ya Biblia kwa miaka kumi na mmoja. Majirani walimcheka hadi wakachoka, wakapumzika, wakaanza tena. Yeye hakutikisika. Mwanawe Ignatius alikuwa muuguzi Lodwar, mbali huko kwenye mchanga, na mzee alikuwa amejiapiza kuisikia sauti yake kabla hajafa. Sasa nguzo nyeusi zilikuwa zimepangwa kando ya barabara, na ya mwisho ilisimama nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya ua wa kayaba.

Jambo ambalo mzee hakulijua ni kwamba fundi wa kumfungia simu hiyo angekuwa Zilpah, mke wa Ignatius.

Tusimwite Zilpah mwongo. Miezi minane nyuma alisema nyumbani, "Nimepata kibarua kwa watu wa simu," na maneno yakaishia hapo. Mzee mwenyewe ndiye aliyemtafutia meza, akampa kiti na kalamu, akamweka kivulini, yote hayo kichwani mwake. Zilpah alitoka kila asubuhi na gauni lake la maua, akafika kwenye bohari ya shirika, akavaa ovaroli na vyuma vya kupandia, akafunga mkanda kiunoni, akaparamia nguzo kama aliyezaliwa huko juu. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Akiwa juu aliona miwa imelala kama blanketi hadi upande wa Mumias, na hakuna aliyemtuma maji.

Basi wiki hiyo msimamizi wao, Kibiwott, akawakusanya vibarua wote wanane. Kibiwott alikuwa mtu mfupi wa maneno, na hata hayo machache aliyatoa kama anayeng'olewa jino.

"Shirika linaandika watu wa kudumu," alisema. "Kila mtu atapewa nyumba moja. Afunge laini peke yake, kutoka nguzo mpaka simu. Ijumaa saa nane napita kukagua. Na mtu akimfungia mwenzake, wote wawili waende nyumbani."

Akasoma majina kwa kufuata maombi ya zamani zaidi. Aliposema, "Zilpah, nyumba ya Shikanga," nyundo ilimponyoka Zilpah ikaangukia kidole chake cha mguu, na hakusikia maumivu.

Osiako, kibarua aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye nguzo moja, alimfuata pembeni. "Hiyo nyumba ni ya mkwe wako. Wacha nije nikufungie asubuhi mapema. Kibiwott atajulia wapi?"

"Nitajua mimi," Zilpah akajibu. "Halafu kila nguzo nitakayopanda baada ya hapo nitakuwa nimeiiba."

Shida yenyewe ilikuwa paa. Laini zote za mjini zilifungwa namna moja: waya unatoka kwenye nguzo, unavuka hewani, unafungwa kwenye chuma juu ya paa, halafu unateremka ndani. Na kwao Zilpah, kama ilivyo kwa kina Shikanga, mwanamke hapandi paa wala mti wa boma. Mwanamke akipanda paa la boma alikoolewa ni sawa na kumtangaza mwenye nyumba kuwa ni marehemu. Tena hili lilikuwa paa la baba mkwe, mtu ambaye Zilpah hajawahi kumpa mkono, mtu ambaye hata wakiwa hatua tatu wanazungumza kwa kupitia kwa mama mkwe. Miaka saba ya ndoa, na mzee hajawahi kulitamka jina lake. Alikuwa "mama Willis", basi, na hata hilo liliambiwa mtu mwingine.

Alhamisi jioni, alipokwisha kutenga obusuma, ugali wao, na mboga, Zilpah alisimama karibu na mlango na kumgeukia mama mkwe wake, Maximilla.

"Mama, mwambie baba fundi wa kesho ni mimi."

Mzee aliweka tonge chini. Alisikia vizuri kabisa, lakini alingoja Maximilla arudie neno kwa neno, maana heshima ni heshima.

"Mwambie mama Willis," alisema akiutazama ukuta, "paa langu halitapandwa na mwanamke nikiwa hai. Kama ni hivyo, simu ibaki hukohuko kwa nguzo."

Akaondoka mezani. Obusuma wake ulibaki pale ukipoa, na hilo halikuwa limetokea tangu timu yao ya shule iliposhindwa fainali mwaka wa sabini na nane.

Zilpah alienda nyumbani kwake, upande wa pili wa boma, akamlaza Willis, akakaa kitandani. Alimkasirikia mzee, kisha akamhurumia, kisha akamkasirikia tena. Mzee aliitaka simu hiyo kuliko kitu chochote duniani. Yeye aliitaka kazi hiyo vivyo hivyo. Na wote wawili walikuwa wamezibiwa njia na mabati kumi na manane yenye kutu.

Asubuhi ya Ijumaa, alipokuwa akikinga maji ya chemchemi, alimwona Maximilla akipita na jembe begani kwenda kupalilia maharagwe. Mwanamke huyo alikuwa amepita na jembe hilo kila siku tangu Zilpah aolewe. Hajawahi kuulizwa na mtu anaenda kulima nini, wapi, wala kina gani. Zilpah akauacha mtungi ufurike miguuni mwake. Kisha akakimbia, akavaa ovaroli palepale nyumbani, kwa mara ya kwanza, maana jana alirudi nayo pamoja na waya na vifaa, akachukua jembe lake.

Mzee Shikanga alitoka nje saa tatu akiwa na shati lake la pasi, ingawa alishajiambia kwamba hangojei kitu. Alisikia jembe nyuma ya nyumba. Akazunguka, akamwona mkaza mwana wake ndani ya suruali, amesimama kwenye mtaro unaomfika magotini, unaotoka ukutani na kuelekea kwenye ua. Mzee akageuka upesi, akaita.

"Maximilla! Huyo anafanya nini?"

Maximilla aliacha maharagwe yake, akaja akatazama. Zilpah alimweleza kwa maneno mawili matatu, na mama mkwe akaanza kutabasamu taratibu.

"Analima," akamwambia mumewe.

"Analima nini nyuma ya nyumba yangu?"

"Analima simu."

"Simu hailimwangi!"

"Hii inalimwa. Waya unapita chini ya mchanga, chini ya kayaba, unaingia kwa ukuta hapa chini ya dirisha. Paa lako hakuna mtu anaguza. Sasa wewe mwalimu, niambie, mwanamke kulima alikatazwa lini? Mimi nimelima hii shamba yako miaka arobaini na moja, hujawahi niambia ni mwiko."

Mzee alipekua sheria zote alizoachiwa na baba yake, moja baada ya nyingine, na kila alipofika kwenye jembe akamkuta mwanamke amelishika.

"Na hiyo nguzo?" alisema mwishowe. "Si atapanda? Mti ni mti."

"Hiyo ina namba ya serikali. Tena iko nje ya ua. Boma yako imefika barabarani? Ikifika huko, anza kulipia serikali njia."

Hapo mzee alishindwa. Aliingia ndani, akakaa kando ya meza ndogo ambako chombo cha simu, chekundu na kipya, kilikuwa kimeletwa na shirika mapema wiki hiyo. Maximilla naye akavua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akateremka mtaroni na jembe lake. Wanawake hao wawili walilima; Kibiwott alikataza kufungiwa laini, hakukataza kusaidiwa kulima. Mama huyo wa miaka sitini alichimba kama aliyekuwa akiisubiri kazi hiyo maisha yake yote, na walipofika kwenye mizizi ya kayaba na miiba ikawachana mikono, alicheka tu. Paipu ya kupitishia waya waliitoa kwenye mradi wa maji uliokufa kabla hata haujatoa tone. Saa saba Zilpah alikuwa ameifunga simu na kuulaza waya ndani ya paipu kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia ukutani hadi shina la nguzo, na mtaro ulikuwa umefukiwa na kukanyagwa.

Gari la shirika lilifika saa nane kamili. Majirani walikuwa wamejaa barabarani, maana habari za mwanamke mwenye suruali na jembe hazihitaji simu ili zifike. Upande wa Nandi wingu zito lilishaanza kunguruma. Kibiwott alishuka pamoja na Osiako na wengine, akatazama paa, akatazama nguzo, akatazama paa tena.

"Waya iko wapi?"

"Umekanyaga," Zilpah akamwambia.

Kibiwott akainua mguu mmoja.

"Kitabu kinasema paa."

"Kitabu kinasema laini ifike kwa simu, bwana Kibiwott. Na hapa Kakamega radi inapitanga kila jioni. Ya chini itaishi kuliko ya juu."

Kibiwott aliukanyaga udongo kwa kisigino kuupima. Ngurumo nyingine ikapita, na baadhi ya watu wakatazama juu.

"Nataka kusikia watu wakiongea," akasema. "Kulia tu haitoshi. Wewe huko juu, mwenye nyumba huko ndani. Mkisikizana, umepita. Msiposikizana, rudisha ovaroli."

Zilpah aliufunga mkanda. Kimo cha nguzo hakikumtisha; kilichomtisha ni kuzungumza na baba mkwe moja kwa moja. Alipanda hatua kwa hatua akiuvuta waya, vyuma vikiuma mti, hadi akafika kwenye kisanduku cha nyaya. Akaziunganisha nyaya mbili, akabana simu yake ya kujaribia, akampata Teresa wa kituo cha simu mjini.

"Teresa, piga hiyo namba."

"Haya, naipiga."

Zilpah akakata, akangoja. Hesabu hadi tatu. Kisha, kutoka ndani ya nyumba ile yenye mabati ya kutu, ikatoka sauti kali, safi, ambayo haikuwahi kusikika upande huo wa Lurambi. Simu ililia. Barabarani watu walipiga kelele, mtu fulani akapiga ukemi kama wa harusi. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu, ya nne, na hakuna aliyeinua.

Mle ndani, mzee Shikanga alikuwa ameusimamisha mkono hewani. Alijua ni nani aliye upande wa pili. Maximilla alinyoosha mkono ili ainue yeye, na mzee akamzuia. Hakungoja miaka kumi na mmoja ili mkono wa mtu mwingine uwe wa kwanza. Ilipolia mara ya saba, aliinua, akaitia sikioni, akamgeukia mkewe.

"Mwambie mama Willis kwamba nasikia," alisema.

"Mwambie mwenyewe," Maximilla akamjibu. "Hayuko hapa. Yuko ndani ya simu."

Juu ya nguzo Zilpah, aliyekuwa amefungua tena simu yake kwenye laini hiyohiyo, alisikia pumzi. Ilikuwa karibu kuliko pumzi ya mtu yeyote isipokuwa ya mumewe na mtoto wake.

"Baba," alisema. "Ni mimi."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia shingoni. Chini, Kibiwott alikuwa ameinua uso, akingoja.

"Zilpah," mzee akasema.

Alilitamka polepole, kama mwalimu anayesoma jina jipya kwenye rejista. Zilpah akashika nguzo kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Nakusikia vizuri sana, Zilpah. Nimengoja sauti kwenye chuma hiki tangu themanini na tano. Sikujua ya kwanza itakuwa yako." Akakohoa. "Kazi yako ni nzuri. Ni nzuri, mwanangu. Sasa shuka, mvua inakuja. Shuka polepole."

Zilpah alipiga ukelele kutoka huko juu, mkono mmoja hewani, na barabara nzima ikauitikia. Osiako alimrukia Kibiwott mabegani, jambo ambalo si la kawaida na halijarudiwa. Kibiwott alijitoa, akafungua daftari lake, akaandika jina la Zilpah na kupiga mstari chini yake mara mbili. Alipomaliza, akamuuliza Maximilla, aliyetoka nje akiwa bado na udongo mikononi, kama wangeweza kulima nyumba ya pili kesho.

Jioni hiyo, mvua ikipiga mabati, mzee alizungumza na Ignatius wa Lodwar. Alimweleza habari za Zilpah kwanza, ndipo akamuuliza hali. Zilpah alipoingia na sahani ya ingokho, kuku wa kienyeji, mzee aliutazama ukuta.

"Mwambie mama Willis chakula ni kitamu," alimwambia Maximilla, na Maximilla akamwambia. Heshima ni heshima.

Lakini Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya ofisi mjini ililia. Teresa alisikiliza, akaziba chombo kwa kiganja, akamgeukia Zilpah aliyekuja kuchukua orodha ya kazi.

"Ni mzee Shikanga wa Lurambi. Anasema laini yake ina kasoro, na hataki kuongea na fundi mwingine isipokuwa wewe."

Zilpah alishika kalamu, akapokea. "Baba, kasoro gani?"

"Hakuna kasoro, Zilpah," mzee akasema. "Habari ya kazi?"