Kijiko cha Kuonjea

Hotelini alikofanya kazi walimwita Ulimi, na wala si kwa umbea. Hakuna chungu kilichotoka jikoni kabla yeye hajakionja, na akisema bado, hata meneja alisubiri. Sasa huyo Ulimi alikuwa garini na mumewe, fundi cherehani, wakienda shambani kula vizuri Jumamosi na Jumapili, na roho yake ilikuwa mkononi.

Tangu mafua mabaya yamlaze kitandani miezi michache nyuma, hakusikia ladha ya kitu. Nyama, ndimu, asali, vyote alitafuna kama karatasi. Hakumwambia mtu. Hotelini alijifanya anafundisha: "Onja wewe, uniambie inakosa nini," na msaidizi wake akaona kapendelewa. Nyumbani alipika kwa mazoea ya mkono, na mumewe akasifu kama kawaida. Mpishi asiyeonja! Akijulikana, ataitwa nani tena?

Mwenyeji wao alikuwa mama mjane aliyegeuza nyumba yake ya shamba kuwa mahali pa watu kuja kula na kulala. Alichoka, akatafuta wa kumwachia jiko. Walipatana hivi: Jumamosi wageni wangekula chakula chake, Jumapili Ulimi angepika, ndipo mama aamue. Fundi alifurahi kupita kiasi. Vumbi la vitambaa lilimsumbua kifua, na mpishi wa pale angepewa kijumba chenye baraza na hewa safi. Ulimi angemkatalia vipi?

Mchana ule waliketi barazani. Ililetwa supu ya boga, mkate wa moto, na jibini ya mbuzi waliokuwa wakilia hapo hapo nyuma ya ua. Mwenye shamba akamkazia mgeni wake macho. Ulimi akapeleka kijiko mdomoni, akafumba macho kama zamani.

"Hongera, mama. Chumvi umeipatia kabisa."

Mwenye shamba akatazama kibakuli cha chumvi katikati ya meza. "Chumvi gani, bibie? Kwangu supu haitiwi chumvi jikoni. Kila mtu anajitilia mwenyewe mezani, ndio utaratibu wa nyumba hii."

Fundi akaangua kicheko. "Mtani huyo, mama, mzoee tu! Ndivyo anavyoomba chumvi." Akamsogezea mkewe kibakuli.

Mwenye shamba naye akacheka, ila macho yake yalikawia usoni kwa Ulimi. Kuku wa kubanika alipofika, Ulimi alisifu rangi yake, akasifu ulaini wake, akaishia hapo. Kimoyomoyo alimshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye mdomo mwepesi.

Jumapili haikuwa na mdomo wa kumwokoa. "Mwanamume haingii jikoni kwangu," mwenye shamba alisema, na fundi akapewa kiti nje, chini ya dirisha la jiko. Ulimi akaanza mchuzi wa bata. Vitunguu alivijua kwa mlio wake kwenye mafuta, nyama kwa kuichoma uma. Lakini chumvi haina mlio. Mwenye shamba akamwita stoo achague viazi, na aliporudi mbele ya sufuria akili ikamruka: alikuwa ametia, au bado? Akiongeza juu ya nyingine, kaharibu. Akiacha, kaumbuka.

"Mbona umeganda, bibie? Onja tupakue."

Akaonja. Maji ya moto matupu. Akakigonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Bado kidogo," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mlango ukasukumwa. "Samahani, mama, najua nimekatazwa," fundi alisema. Akatoa kijiko kwenye mfuko wa shati, kile chao cha nyumbani chenye mpini uliopinda, akachota mchuzi, akaonja. Bila kuuliza mtu, akafinya chumvi kwa vidole viwili, akakoroga, akaonja tena, akafunika. Alifanya haraka na bila kelele, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.

Hapo Ulimi akaelewa. Miezi yote ile mumewe alikuwa akija jikoni kumtuma akaangalie nguo kwenye kamba, na akirudi anamkuta analamba kijiko. Alimwita mlafi, tena mbele za watu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ule uji ulioutia chumvi badala ya sukari. Uliunywa wote, ukaniuliza mbona sinywi."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuona unaogopa, mke wangu. Sikutaka uniogope na mimi."

Machozi yakamtoka Ulimi, akayaacha. Alikuwa amechoka kuogopa. Akamgeukia mwenye shamba. "Mama, jana sikuwa natania. Ulimi wangu hausikii kitu. Kupika najua, kuonja anaonja huyu. Ukinitaka, utatuchukua wote wawili. Ukikataa, sitakulaumu."

Mwenye shamba alifunua sufuria, akachota, akapuliza, akaonja. Akachota tena. Ulimi alimshika mumewe kiganja, akakikuta kimelowa jasho kuliko chake.

"Tangu nijenge jiko hili, mwanamume hajakanyaga humu," mwenye shamba akasema, akiitazama sakafu yake. "Basi angalau avue viatu. Vimejaa matope."

Fundi akainama kufungua kamba, kijiko akikishika kwa meno.