Mfupa Ambao Ng'ombe Hana

Vumbi la Nandagala halina adabu. Ng'ombe wakirudi jioni linawatangulia, linaingia uani bila hodi kama mwenye nyumba, linakaa juu ya maji, juu ya ugali, juu ya kope za watu. Linakaa juu ya kitabu. Rahabu analipuliza, linarudi. Analipuliza tena, linarudi tena, jekundu, laini, lisilo na haraka.

Kitabu kizito, kitabu kikaidi. Ukikifungua kinajifunga. Ukikilaza magotini kinakutia ganzi. Mama yake amekwisha kukiweka juu ya mfuniko wa sufuria ya maziwa, paka asifunue, na kwa kazi hiyo kitabu kilifaa kuliko kazi nyingine yoyote kiliyowahi kufanya humu ndani.

Nani alimtuma? Hakutumwa. Mwaka wa kwanza wa udaktari ulipoanza, kila mtu alikuwa na lake la kushauri kuhusu kitabu cha viungo vya mwili. Chukua chembamba, chenye michoro. Chukua cha kwenye simu, hakina uzito. Chukua kile chenye picha za maiti halisi, utazoea. Na Rahabu, binti wa Bundala, aliyekua nyuma ya mikia ya ng'ombe toka Kanda ya Ziwa mpaka huku Ruangwa, alikwenda kwa muuza vitabu vya mitumba, akavinyanyua kimoja kimoja kama anayepima mbuzi mnadani, akachagua kilichomlemea. Kizito ndicho chenye kitu ndani, aliwaza. Kwao mbuzi hununuliwa hivyo.

Loo, kitabu wewe! Mtu anakuuliza mfupa mmoja, unamtuma kwa mfupa wa jirani. Kwa jirani anatumwa kwa msuli, na msuli unamrudisha alikotoka, kama makarani wanaorushiana mtu madirishani. Kiingereza chako kimejaa Kilatini, na Kilatini chako kimejaa kiburi. Rahabu amekuchoka. Amekuchoka kama mgeni asiyeaga.

Na sura ya bega aliiruka. Bega alilijua. Hapo ndipo alipoangukia.

Tangu utotoni, baba akichinja, ni yeye aliyeshika mguu wa mbele. Baba anapitisha kisu kwapani, nyama inaachia, mguu mzima unabaki mikononi mwa Rahabu, na kisu hakijagonga mfupa hata mmoja. Kila sikukuu, kila harusi, kila ng'ombe aliyevunjika. Basi kwenye mtihani wa ana kwa ana, mwalimu alipouliza mkono wa binadamu umeshikizwa kifuani kwa mfupa gani, Rahabu hakusita.

"Hakuna mfupa, mwalimu. Ni nyama tu."

Alilisema kwa sauti, kwa uhakika wote wa mikono yake, na mwalimu akavua miwani.

Sasa amerudi nyumbani na sapu, mtihani wa marudio, ambao ni wiki ijayo. Akianguka tena, chuo hakimtaki. Atarudi nyuma ya mikia ya ng'ombe, na huko hakuna atakayemlaumu, jambo ambalo linamuuma zaidi.

Leo asubuhi alikipandisha kitabu kwenye basi mpaka Nachingwea, kwa Raudha, wanayesoma naye darasa moja, akaombe wabadilishane. Raudha alikuwa uani na mama yake, wanachambua korosho juu ya turubai. Alimtazama Rahabu, akakitazama kitabu, akacheka.

"Mi nilikwambia toka mwanzo, chukua chembamba. We ukataka tofali."

"Basi nipe hicho chembamba, shoga. Nakuachia tofali."

"Chukua. Ila kina mishale tu, maneno hamna. Mshale unaonyesha hapa. Hapa ndo wapi, hakisemi. Mi mwenyewe kimenichosha."

Rahabu alikifungua chembamba. Michoro safi, mizuri, ya watu wasio na ngozi wala wasiwasi. Bega lilipakwa bluu. Mshale, namba, basi. Akakifunga, akabeba tofali lake, akarudi nalo Nandagala akiwa amevikasirikia vitabu vyote, na waliovitunga, na miti iliyokatwa kutengenezea karatasi zake.

Jioni ameketi nje, kitabu magotini, sura ya bega hatimaye. Anasoma kwa kinyongo. Mfupa mwembamba, kitabu kinasema, umepinda huku na huku, unatoka kifuani kwenda begani, kazi yake kuuweka mkono mbali na mwili. Mtulinga. Anasoma mara ya kwanza, maneno yanapita. Anarudia, yanapita. Kitabu kizito, kitabu kikaidi, mfupa wenyewe uko wapi?

Vumbi linaingia. Analipuliza, linarudi. Ng'ombe wanaingia. Nyuma yao Bundala, fimbo imelala mabegani nyuma ya shingo, mikono imening'inia juu yake, kama wanavyotembea wachungaji wa kwao. Shati limefunguka. Na pale chini ya shingo, kulia na kushoto, nyuma ya mifupa miwili iliyotokeza, kuna vishimo viwili vyenye vumbi jekundu.

Rahabu akasimama. Kitabu kikaanguka.

"Baba, usishushe fimbo."

Akaweka kidole chini ya koo, mfupa unapoanzia, akaufuata taratibu kwenye vumbi. Unakuja mbele, unarudi nyuma, unafika begani. Mgumu, mwembamba, na mkono wote wa baba yake umeegemea hapo.

"Unatafuta nini, mayu, mama yangu?"

"Ng'ombe hana huu, baba."

Bundala akalitazama zizi, akafikiri. "Eeh. Pale kisu hakigongi." Kisha akauliza, "Na sisi tunao wa nini?"

"Wa kuuweka mkono mbali na mwili. Ungekuwa huna, hiyo fimbo usingeibeba hivyo."

Alijisikia akiyasema, na akajua ni maneno ya kitabu. Yalikuwa pale siku zote, katika sura aliyoiruka.

Akakiokota. Akautafuta ukurasa, akapitisha kidole kilekile juu ya mchoro, toka kifuani mpaka begani. Vumbi la baba yake likabaki pale, mstari mwekundu uliopinda juu ya mfupa. Hakulipuliza.